Kufuli la Mfereji

Siku hizi redioni wakianza kubishana juu ya Nairobi na kaunti, nani apewe nini na nani amejichukulia kupita kiasi, mimi huinuka nikaenda jikoni kutafuta kazi hata kama hakuna kazi. Wanangu hucheka, husema mama hapendi siasa. Si kweli. Siasa naipenda, na mdomo wa kuisema ninao, waulize majirani. Ila ugomvi huo niliuona kabla haujapata jina kubwa, ukiwa ugomvi wa mfereji mmoja tu, katika miaka ya hamsini. Upande mmoja alikuwa baba yangu mzazi, upande wa pili wakwe zangu. Hata leo nikiukumbuka uso hunichoma.

Nilizaliwa milimani, nikaolewa chini, pale milima ya Taita inapoanza kulegea kuelekea Mraru na barabara ya Taveta. Mfereji wetu ulipita kwetu na kwa wakwe. Ulianzia mtoni, karibu na mashamba ya baba, ukazunguka kingo za mlima taratibu hadi kwenye vishamba vya watu wa chini. Hakuna aliyejua ulichimbwa na nani. Kilichojulikana ni zamu: siku moja maji ni ya juu, siku inayofuata ni ya chini. Kila upande ulikuwa na mzee wake wa mfereji, na hakuna aliyeingilia siku ya mwenzake.

Nilipoolewa, mama mkwe alinimegea kipande cha shamba lake kando ya mfereji. Kilikuwa kitu changu cha kwanza duniani ambacho sikukirithi wala kukiazima. Nilipanda kabichi. Zikifunga, tulizipeleka Mraru kwa kichwa, lori likazichukua hadi stesheni ya Voi, zikaenda kuliwa na watu wa Mombasa ambao sijui kama waliwahi kujiuliza zinatoka wapi. Wakati wa kiangazi, bila ile siku yetu ya maji, kabichi haikufunga. Ilitoa majani tu, kisha majani yakawa manjano.

Kila kiangazi kilipoingia, watu wa juu na wa chini walikusanyika kuuzibua mfereji, halafu wakaenda pamoja hadi kichwani kwake, pale maji yanapotolewa mtoni. Hapo ilifanywa kutasa. Asiye Mtaita nitamweleza. Kwetu hasira iliyofichwa inaogopwa kuliko matusi. Tuliamini mtu akiificha moyoni huharibu mambo, mtoto ataugua, maji yatakauka, bila mtu kujua sababu. Basi kata ya maji ilipita mkono kwa mkono. Unavuta funda, unalipuliza chini, unasema wazi hasira uliyonayo na mtu unayemwonea hasira hiyo. Wazee wa zamani walitumia pombe ya miwa. Sisi tuliobatizwa tulitumia maji ili mchungaji asituulize mengi.

Akisema mtu, hapafunguliwi maji mpaka neno lake limalizwe, hata jua likizama. Asiyesema hana neno kiangazi chote. Hata uonewe namna gani baadaye, utaambiwa: ulikuwa na kata mkononi. Na yale maji hayamezwi. Kuyameza ni kuirudisha hasira tumboni mbele za watu. Hilo hata watoto wa kubebwa mgongoni walilijua.

Baba alikuwa mjumbe wa baraza la wilaya, lililokaa Wundanyi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kupenda koti, na msimulizi hodari. Nilipopanda kumsalimu, mtoto mgongoni, alinikalisha jikoni kwa mama akaanza kuigiza kikao kizima, sauti ya kila mjumbe, kikohozi cha kila mzee. Mama alikuwa akimwambia aache kutia chumvi, naye akazidisha.

Mwaka ule ilitoka amri Nairobi kwamba mito yote ni ya serikali, na mfereji wowote usio na kibali cha ofisi ya huko ufungwe. Baba alisimama barazani. Alisema mifereji hii ina wenyewe, ina wazee, ina zamu, na mtu aliyeko Nairobi hawezi kujua siku gani ni ya nani. Alisema mambo ya milima yaamuliwe milimani. Wajumbe wakapiga meza. Disii, yule Mzungu mkuu wa wilaya aliyekuwa mwenyekiti wa baraza, akangoja meza zinyamaze, kisha akamjibu kwa upole: "Baraza linaweza kupendekeza. Kuamua ni kazi ya Nairobi." Halafu akamwomba aketi.

Baba aliliigiza jibu hilo kwa sauti ya puani, nasi tukacheka mpaka mtoto akashtuka. Lakini kila alipolirudia, na alilirudia mara nyingi, alipofika pale pa kuambiwa aketi aliutazama moto. Aliketi mbele ya wenzake kama alivyoambiwa. Nilimwonea uchungu. Nilimpenda sana wakati huo, na niliichukia Nairobi ingawa sikuwahi kuiona.

Hakukata tamaa. Alisimama tena kila kikao, akaketishwa tena. Mwishowe, sijui kama walichoka au walielewa, likaja jibu jipya: baraza liruhusiwe kusimamia mifereji yake lenyewe, mradi kila mfereji uwe na lango la chuma na mtu mmoja wa kuulizwa. Baba alichinja mbuzi. Nilipanda mlima na wenzangu kutoka chini, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Wajumbe wengine walikuja, hata mmoja wa kutoka Bomeni kule Taveta, mzee wa Kiislamu mwenye mzaha. Akamwambia baba, "Hongera bwana mkubwa. Sasa sisi wa tambarare tukitaka kitu, tutalia kwa nani, kwa Nairobi au kwa nyinyi wa milimani?" Watu wakacheka. Baba naye akacheka, akamwongezea nyama.

Lango lilitengenezwa na fundi Mhindi wa Voi, bati nene la kupanda na kushuka, likapakwa rangi ya kijani. Lilikuwa na kufuli. Mtu mmoja wa kuulizwa alikuwa baba, basi ufunguo ukakaa kwake, akauvaa shingoni kwa kamba chini ya shati. Wazee wa mfereji waliambiwa kazi yao imekwisha, baraza limeichukua. Na zamu ikabadilishwa. Mashamba ya juu, ambako bwana shamba wa baraza alikuwa amepima na kuelekeza matuta, yatanyweshwa kwanza mpaka yatosheke. Yatakayobaki yateremke chini.

Simsingizii baba kwamba alikuwa mwizi wa maji. Aliamini kabisa kwamba jambo lenye msimamizi mmoja huenda vizuri, na kwamba akiharibu, Nairobi itasema si tuliwaambia, kisha itachukua kila kitu tena. Alikuwa na hofu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikitazama mtaro wangu ukipasuka kwa ukavu siku ambayo ilikuwa yetu.

Wakwe zangu wakaamua kwenda kumwona. Baba mkwe, mzee wa mfereji wa chini, alikuwa mtu wa maneno machache, kila neno alilipima kabla ya kulitoa. Mama mkwe aliniambia nami niende. "Wewe una mdomo," alisema, "na yule ni baba yako. Ukisema wewe hatakasirika sana." Nilivaa leso yangu mpya. Njiani nilikuwa na furaha ya kijinga, nikidhani nitawaonyesha wakwe zangu jinsi ninavyopendwa kwetu.

Tulikaribishwa chai yenye maziwa mengi. Baba aliketi kwenye kiti chake cha mikono, sisi kwenye benchi. Baba mkwe akaeleza kwamba watu wa chini hawataki kuutawala mfereji, wala hawabishani na baraza. Wanataka siku yao irudi, na mtu wao wa kuisimamia huko kwao, kama ilivyokuwa. Sehemu iliyo chini ijiangalie yenyewe, ya juu ijiangalie yenyewe, na mambo ya kichwa cha mfereji yazungumzwe na wote. Nilifikiri maneno hayo nimeyasikia mahali. Nilikuwa nimeyasikia kwa baba mwenyewe, jikoni kwa mama.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Watu wa chini mnaweza kupendekeza. Kuamua ni kazi ya baraza."

Nilingoja acheke. Nilijua ile sauti ya puani inakuja, nikaanza hata kutabasamu ili nimsaidie. Haikuja. Alikuwa amesema kwa sauti yake mwenyewe, na alikuwa hakumbuki kabisa. Tabasamu likanigandia usoni. Niliinamisha kichwa nikahesabu nyuzi za mkeka, na mdomo wangu wote ule niliosifiwa haukutoa hata kikohozi. Niliona haya kwa sababu ni baba yangu, na niliona haya zaidi kwa sababu wakwe zangu walikuwa wakijitahidi kutonitazama. Baba mkwe akashukuru kwa chai.

Kwenye mteremko wa kurudi, mama mkwe alizungumza habari ya utelezi wa njia na bei ya chumvi. Ni afadhali angenitukania ukoo. Baba mkwe alisema neno moja tu tulipokaribia nyumbani: bado kuna siku ya kutasa. Lango ni la baraza, lakini neno likisemwa kwa maji, hata mwenye ufunguo hawezi kuufungua mfereji mpaka limalizwe. Na safari hii, alisema, atakayesema si yeye. Mtoto akimwambia baba yake hasira yake kwa maji, hakuna mtu Taita nzima awezaye kumwambia anyamaze. Wote walinitazama mimi.

Nilikubali. Maneno niliyaandaa shambani nikipalilia, nikiyasema kwa kabichi. Baba, nina hasira nawe. Ulichokataa kufanyiwa na Nairobi umetufanyia sisi. Turudishie siku yetu. Hayakuwa mengi. Niliyapenda, nilijiona hodari.

Siku ilipofika, tulizibua mfereji asubuhi kama kawaida, tukapanda hadi kichwani. Hapo tukakuta viti. Disii alikuwa amekuja kuona baraza linavyojisimamia, kofia kubwa kichwani, na wageni wake wawili, na wajumbe kadhaa wa Wundanyi waliovaa tai. Baba alikuwa na koti na viatu vinavyong'aa. Alituamkia kwa haraka. Aliponiona alitaka kusema kitu, halafu mtu akamwita.

Sidhani alikuwa ameipanga kutasa siku hiyo. Nadhani alitaka kugeuza ufunguo, watu wapige makofi, basi. Lakini wazee hawakuuliza. Mmoja wao aliteka maji mtoni na kumpa kata mwenye kuanza, na mwenye kuanza siku zote ni mkubwa wa upande wa juu. Hakuweza kukataa mbele ya watu wake. Akaipokea, akavuta funda.

Disii alikuwa amesogea karibu ili aone vizuri. Viatu vyake vilikuwa pale pale ambapo baba alipaswa kupulizia. Alikuwa akimwuliza mjumbe mmoja ni jambo gani linafanywa, na mjumbe yule, mzee wa kanisa, alikuwa akitafuta jibu la kumfurahisha. Baba alisimama na mashavu yamejaa. Aliyatazama maji ya mtoni, akavitazama vile viatu. Kisha niliona koo lake likipanda na kushuka. Alimeza.

"Maji mazuri," akasema, akapangusa midomo.

Sauti niliyoisikia upande wetu haikuwa neno, ilikuwa pumzi za watu. Kila mmoja aliona. Baba yangu, aliyesimama barazani mara zote zile kutetea desturi za milima, ameimeza hasira yake mbele ya kichwa cha mfereji, kama mtoto aliyeambiwa anywe dawa. Nilitamani ardhi inifiche. Kata ikaja upande wa chini. Baba mkwe hakuigusa, akanielekezea mimi kwa kidevu.

Niliipokea kwa mikono miwili. Nilivuta funda. Maneno yangu yote yalikuwepo, hakuna hata moja lililokuwa limepotea. Lakini baba alinitazama, na macho yake yalikuwa yamelowa, nami nikaona nikipuliza sasa, kila mtu atajua kwa hakika kile ambacho bado wangeweza kujifanya hawakukiona. Mtoto wake wa kike atakuwa ametema alichomeza yeye. Hatanyanyua kichwa tena, si kwa Disii wala kwa watu wake.

Nikameza. Halafu, ili ionekane ni jambo la kawaida, nikainamisha kata tena nikanywa hadi nusu, kwa sauti, kama mtu mwenye kiu.

"Ni matamu kweli," nikasema.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Alinitazama muda mrefu kiasi. Kisha akaichukua kata mikononi mwangu, naye akanywa. Aliyemfuata akanywa. Baba mkwe alinywa mwisho, macho yamefungwa. Walinisitiri, watu wale wote. Waliigeuza kutasa kuwa kunywa maji tu, ili mimi na baba yangu tusiaibike. Disii alifurahi sana, akaomba kata naye akanywa, akasema hii ni desturi nzuri mno, watu wenye maji mamoja kunywa pamoja. Wajumbe walipiga makofi. Baba akageuza ufunguo.

Kiangazi kile hatukupata siku yetu. Tulipotuma mtu kuuliza, mlinzi ambaye baraza lilimweka langoni alijibu alichopaswa kujibu, na hakukuwa na kosa ndani yake: mlikuwa na kata mkononi. Kabichi zangu hazikufunga. Za mama mkwe hazikufunga. Majirani walipita kando ya mashamba yetu wakisalimia kwa heshima ile ile, na mimi nikaanza kuamka mapema ili niende kuchota maji kabla ya wengine, nisionane na mtu. Nyumbani hakuna aliyelitaja jambo lile. Walinipakulia mimi kwanza, wakaniuliza kama nimeshiba.

Siku moja ndugu yangu mdogo aliteremka na kikapu kutoka kwa baba. Zilikuwa kabichi, kubwa, zimefunga vizuri, bado zina umande. Mama mkwe alizitoa moja moja, akazipapasa. Sijui alifikiri nini. Mimi nilifikiri, hayo ni maji yetu. Akazikata, akazipika, tukala wote, na zilikuwa tamu, na kila tonge lilinipalia. Baada ya kula akaniambia, "Kesho panda ukamwambie baba yako asante."

Nilipanda. Nilimkuta peke yake kichwani mwa mfereji, ameketi juu ya jiwe, anakwangua kutu iliyoanza kuota kwenye lango. Nikamwamkia. Nikasema mama mkwe anashukuru kwa mboga.

Aliendelea kukwangua, kisha akauliza bila kugeuka, "Mbona hukutema?"

Sikuelewa.

"Siku ile. Mimi nisingeweza, mbele ya yule mtu. Nilimeza nikijua wewe upo. Nikasema moyoni, huyu mwanangu hanyamazi, atatema, atasema. Ningekuwa sina la kufanya. Ningemwambia Disii ndiyo sheria yetu hiyo, kwamba hata baraza haliko juu yake, nikawarudishia siku yenu mbele ya wote." Akanigeukia. "Nilikungoja wewe."

"Baba, nilimeza kwa ajili yako."

"Nani alikuomba?"

Tuliketi pale, mtu na baba yake, maji yakipita kwenda mashamba ya juu. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kamba niliiona chini ya kola. Hakuuvua, na mimi sikuuomba. Jua lilipozidi alinyanyuka, akaingia shambani kwake, akanikatia kabichi nyingine nishuke nazo. Nikazibeba.